Gurudumu Lililokuwa Likicheza

Usukani ulianza kunitetemekea mikononi kabla ya mvua za vuli, na haikupita muda kila aliyepanda gari langu akawa na jibu. Jirani mwalimu alisema ni barabara. Mama mmoja wa kwaya alisema ni tangawizi, kwamba naipakia upande mmoja. Kaka yangu, ambaye hata gari hana, alisema ni mimi.

Alinipigia simu kutoka Hedaru, anakouza vifaa vya ujenzi kandokando ya lami, akaniambia kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko matusi kwamba mlima unataka mkono wa mwanaume. Nilimjibu kwamba mlima unataka breki. Yeye alicheka, mimi sikucheka.

Niseme mapema kwa nini jambo la usukani lilinikosesha raha kiasi kile. Gari lenyewe ni la baba, gari la zamani lenye gia ya mlima, na baba ndiye aliyekuwa dereva wetu wa hapa Mhezi, juu mlimani, kabla sukari haijamwekea kidonda mguu wa kushoto. Siku alipoona hawezi tena kukanyaga klachi alinipa ufunguo, akaingia ndani, hakutoka mpaka jioni. Tangu siku hiyo mimi ndiye dereva. Nateremsha tangawizi na maharage ya majirani, na siku za kliniki namteremsha baba hadi hospitali ya Same kukisafisha kile kidonda na kukiangalia. Kliniki hizo si za kukosa. Daktari alituambia bila kumung'unya maneno kwamba kidonda kikiachwa, mguu utakatwa. Na basi linalopita kwetu lina ngazi ndefu ambazo baba hawezi kuzipanda.

Kaka alikuwa na dawa yake. Baba ahame, akaishi naye Hedaru, chini kwenye lami, ambako kufika hospitali ni kusimama tu barabarani upate gari dogo. Ukimsikiliza tu unaona ana hoja. Lakini baba hapendi joto la tambarare, hapati usingizi kule, na mama yetu amelala nyuma ya nyumba kwenye kahawa. Kila asubuhi mzee huzunguka huko na fimbo yake, anasimama, anamweleza habari za nyumbani, habari za mvua na habari za ng'ombe. Tulipomwuliza kuhusu kuhama alijibu mara moja tu.

"Nikishuka kuishi kule," alisema, "mtanirudisha huku kwenye sanduku."

Basi tukakubaliana kwa simu, kaka na mimi. Gari likiwa limepona kabla ya kliniki inayofuata, baba abaki. Likiwa bado linatetemeka, kaka atakuja na gari la kukodi amchukue na vitu vyake. Nilikubali. Nilikasirika, ndiyo, lakini nilikubali, maana gari ambalo hata hulijui linatetemekea nini si la kumbebea mgonjwa kwenye kona zile zenye korongo upande mmoja.

Nilianza kwa fundi wangu wa Same, mtu mmoja mcheshi, mwenye sauti inayosikika kutoka stendi. Alifanya balansi ya magurudumu. Akafunga boneti kwa kishindo, akaniambia mama, kazi imekwisha. Nikaiacha lami, nikapanda mlima, nikageuka kushuka na mzigo, usukani ukatetemeka vilevile. Nikarudi. Akafanya alaimenti, kuyanyoosha magurudumu ya mbele. Vilevile. Nikarudi tena, akahamisha tairi za mbele akazipeleka nyuma, za nyuma akazileta mbele, akaniambia sasa hata kikombe cha chai kitakaa juu ya dashibodi. Nikashuka siku iliyofuata nikiwa nimeubana usukani mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku hiyo nilimtolea uvivu, pale gerejini mbele ya wenzake. Nilimwambia anatibu gari langu kama mtu anayegawa dawa ya malaria kwa kila anayesema kichwa kinauma. Nilimwambia hajawahi hata kuuliza linatetemeka lini, likiwa wapi, likifanya nini. Ilimuuma. Aliweka spana chini akasema kama mama anajua zaidi, basi mama aende nyumbani, akirudi amwambie ugonjwa ni upi.

"Sawa," nilisema. "Nitakuambia."

Nikaondoka pale. Sikuwa najua chochote. Nilikuwa nimeona baba akiinamia magari tangu utotoni, nimeshika tochi, nimepeleka chai, basi. Lakini nilikuwa nimeshakata kauli. Kitu kinachotetemeka kina mahali kinapoanzia, na mahali hapo ningepapata, hata kama ningelala chini ya lile gari.

Nilianza kwa kusikiliza. Nilizima redio, nikafunga vioo, nikatoa kila kinachogonga-gonga ndani ya gari, kuanzia jembe mpaka chupa tupu. Nikawa nashuka peke yangu na kupanda tena, polepole, majirani wakidhani nimechanganyikiwa. Kwenye lami iliyonyooka mtetemo ulikuwa mdogo, wa kunong'ona. Kwenye mteremko nikigusa breki, usukani ulikuwa unakwenda huku na huku kama mtu anachekecha unga. Hilo likawa jambo la kwanza nililolijua kwa hakika. La pili lilinichukua muda. Kwenye kona zinazokata kulia nilisikia mngurumo upande wa kushoto mbele, kitu kama jiwe la kusagia lililo mbali. Kona ikikata kushoto, mngurumo unapotea. Nilirudia kona zilezile mpaka nikaacha kuziogopa. Gari likikata kulia, uzito wote hulalia upande wa kushoto, na chochote kilichokuwa kinaugua hapo kilikuwa kinalalamika.

Kwa hiyo ni mbele kushoto. Nilifurahi hadi nikapiga honi peke yangu.

Chini kabisa ya mteremko wetu, kabla ya kufika tambarare, kuna kijito, na hapo magari yote ya mlimani husimama. Mgeni anaweza kudhani ni kwa ajili ya kunawa uso. Kumbe ni kwa ajili ya magurudumu. Mpaka ufike pale umekanyaga breki mlima mzima, rimu zinanuka, ukizisogelea unahisi joto mashavuni. Dereva anachota maji kwa dumu lililokatwa anayamwaga juu ya rimu, moja baada ya nyingine, mvuke unapanda shhh, gari limepoa, safari inaendelea. Kila dereva wa kwetu hufanya hivyo, isipokuwa mimi nikiwa peke yangu, nasubiri zipoe tu. Baba ndiye aliyewafundisha wengi wao. Na siku za kliniki, pamoja na mguu wake, kazi hiyo hakumwachia mtu. Nilikuwa nasimamisha gari, nazunguka kumshika mkono kwenye yale mawe yenye utelezi, naye anachota na kumwaga, akianza na kushoto mbele, polepole, kama mtu anayenywesha mnyama wake. Kisha anajifuta mikono kwenye suruali na kuniambia twende. Siku nzima ya kliniki hapo tu ndipo alipoonekana mwenye furaha.

Baada ya kujua upande, nilijua kwamba lazima niliinue gari. Nilisubiri Sabato iishe, Jumapili asubuhi nikayazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, nikapiga jeki mbele kushoto, nikaweka gogo chini kwa usalama. Nikashika tairi kwa mkono mmoja kushoto na mwingine kulia, nikatikisa. Kimya. Nikajua mikono ya usukani, zile tairodi, ni nzima. Nikashika juu na chini. Nikavuta juu, nikasukuma chini.

Ko. Ko.

Lilikuwa linacheza. Si sana, unene wa kucha pengine, lakini gurudumu zima la gari linalombeba baba yangu lilikuwa linacheza. Nikatikisa tena ili nijihakikishie. Ko.

Hapo nikakwama. Gurudumu likicheza juu na chini, linaweza kuwa beringi, ile inayoliwezesha kuzunguka, linaweza kuwa boljointi, kile kiungo kinacholishikilia, na mimi sikutaka kumpelekea fundi jibu la kubahatisha nikawa sina tofauti naye. Baba alikuwa barazani akinitazama tangu mwanzo bila neno. Nilidhani amekasirika kuona mwanamke amelala chini ya gari lake Jumapili asubuhi. Kumbe alikuwa anasubiri nimwulize. Nilipomwuliza, alisema kuna mtu akae ndani akanyage breki na kuishikilia, halafu nitikise. Mchezo ukipotea, ni beringi, maana breki imelishika gurudumu na beringi haina nafasi ya kucheza. Mchezo ukibaki, ni boljointi.

Nikaangalia njiani kama kuna mtu wa kumwita. Baba akasema mguu wa kulia ni mzima.

Nilimsaidia kupanda. Hakuwa amekaa kwenye kiti kile tangu siku aliyonipa ufunguo. Aliweka mikono yote miwili kwenye usukani ingawa hakuna aliyemwambia aushike, akanyoosha mgongo, akatazama mbele kama kuna barabara. Nilichuchumaa, nikatikisa. Ko. Nikamwambia akanyage. Akakanyaga. Nikatikisa kwa nguvu zangu zote, gurudumu likawa imara kama mlango uliofungwa.

Nikamwambia aachie. Ko. Akanyage. Kimya.

"Beringi," alisema kutoka juu, na akatabasamu. "Na huo mtetemo wa breki ni disiki, hiyo sahani ya breki, imepinda. Mwambie fundi alete na disiki."

Hakushuka upesi. Nilijifanya nina kazi na jeki ili nisimharakishe.

Nilimpigia fundi simu. Nilimwambia ni beringi ya mbele kushoto na disiki yake, na kwamba gari siliteremshi tena katika hali ile, yeye ndiye apande na vitu vyake. Alianza kubisha, ooh, mama, beringi haiwezi kufa mapema hivyo. Nilimwambia aje na beringi na disiki, na kama akifungua akakuta ni kitu kingine, nitakwenda gerejini kwake kusema mbele ya kila mtu kwamba sijui gari wala sijui kuendesha. Akasema atakuja.

Alikuja siku moja kabla ya kliniki, kwa bodaboda, disiki imefungwa kwenye kiroba. Sikujua kwamba na kaka alikuwa ameamua kuja siku hiyohiyo. Gari la kukodi lilipanda uwanjani wakati fundi bado anakunywa maji. Kaka alishuka, akamwamkia baba shikamoo, baba akaitikia marahaba, akamwuliza habari za joto. Kaka akanitazama mimi na mikono yangu yenye grisi, akatazama gari lililoinuliwa, na nadhani aliona ameshapata jibu lake. Akaingia ndani, akaanza kutoa vitu. Blanketi. Redio. Begi la dawa. Mwisho akatoa godoro la baba, yeye na dereva wake wakalipandisha juu ya lile gari na kulifunga kwa kamba.

Baba alikuwa barazani, fimbo kati ya magoti. Nikamwambia fundi afungue.

Akatoa gurudumu, akatoa breki, akatoa disiki. Disiki ilikuwa na madoa ya buluu, na alipoizungusha juu ya sakafu ya baraza ikayumba. Akagonga habu, kitovu cha gurudumu, mpaka ikatoka. Grisi iliyo ndani inatakiwa kuwa nyekundu au nyeusi, inanata. Ile ilikuwa nyeupe-nyeupe, nyepesi, kama uji uliolala, na gololi za beringi zilikuwa na kutu na vishimo. Fundi akachovya kidole, akakitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ya chini.

"Nani huwa anayamwagia maji magurudumu haya yakiwa ya moto?"

Akaeleza mwenyewe bila kungoja jibu. Chuma cha moto kikimwagiwa maji ya baridi ghafla, disiki inapinda. Habu nayo ikipoa ghafla inavuta hewa kwa ndani, na hewa ikivutwa, maji nayo yanavutwa, yanapita kwenye oili sili, ule mpira unaozuia grisi isitoke, mpaka kwenye grisi. Hapo beringi imeshakufa, inasubiri tu kuzikwa. Alisema dawa ni kushuka na gia nzito, na breki zikipata moto zipoe zenyewe, kwa upepo.

Kaka alikuwa amesimama karibu, anasikia kila neno. Baba pia alisikia, najua alisikia, kwa sababu kidole chake kilichokuwa kikizungusha kichwa cha fimbo kilisimama. Mimi sikumtazama. Niliona dumu lile lililokatwa, na yeye akilishika kwa mikono miwili, na ule uso wake wa furaha. Nilimhurumia hadi nikakasirika. Kazi pekee aliyobaki nayo kwenye gari lake.

"Mimi," nilisema.

Fundi alitingisha kichwa. Akasafisha, akapaka grisi mpya, akafunga beringi mpya na disiki, akakaza na kuzungusha, akakaza tena. Nikashika tairi juu na chini mwenyewe kabla gari halijashushwa. Halikucheza.

Nilimwambia kaka apande. Hakutaka, nikamwambia ama apande, ama aache kusema habari za mtetemo maisha yake yote. Akapanda shingo upande, akashika mpini wa juu ya dirisha tangu uwanjani. Nilimteremsha mpaka kwenye kona mbaya kuliko zote, nikaingia nayo kulia, nikakanyaga breki katikati ya mteremko, na nikaondoa mikono kwenye usukani nikaiweka juu kidogo tu, aone. Usukani ulitulia kabisa. Hapakuwa na mngurumo wala unga wa kuchekecha. Nikageuza, tukapanda.

Uwanjani kaka alishuka, akapiga boneti kwa kiganja. Alisema limepona, hakatai, na kazi yangu ameiona. Halafu akaendelea, na hakusema kwa ubaya, hilo ndilo lililoniuma. Alisema nimekiri mwenyewe kwamba nilikuwa namwaga maji. Nimeliua gari la baba kwa mikono yangu, safari baada ya safari, na sikujua. Leo ni maji, kesho itakuwa kitu kingine nisichokijua, na kesho hiyo baba atakuwa kiti cha nyuma. Atamwachaje mzee kwa mtu wa namna hiyo? Alisema makubaliano yetu hayakuwa juu ya beringi. Yalikuwa juu ya usalama wa baba.

Jibu lilikuwepo, ila kulitoa ilikuwa kumvua mzee nguo mbele ya mwanawe na fundi na dereva asiyemjua. Niliangalia mikono yangu. Nilijiambia nitamfuata baba Hedaru kila wiki nimpelekee ndizi na makande ya huku, na nilijua kwamba najidanganya, kwamba ndizi hazitamletea usingizi. Kaka akaenda kukaza kamba ya godoro.

Baba akasimama. Ilimchukua muda, na hakunyoosha mkono kuomba msaada. Alishuka ngazi ya baraza, akaja na fimbo yake mpaka kati ya yale magari mawili.

"Huyu amesema uongo," alimwambia kaka. "Anayemwaga maji ni mimi. Yeye huwa ananishika mkono nisianguke."

Kaka alisema baba, si lazima. Baba alimnyamazisha kwa mkono.

"Nimeua beringi pale kijitoni tangu ujana wangu, na kila ikifa nilisema ni barabara. Nimefundisha watu kuziua. Dada yako hakusema ni barabara. Ametafuta mpaka amenikuta mimi, halafu akanificha." Akaegemea fimbo. "Sasa niambie, nipande gari la nani?"

Fundi alijitia kufuta spana ambayo ilishafutwa. Mimi nilikuwa nalia, wala sikujificha.

"Shusha godoro langu," baba alisema. "Kesho nina kliniki, nataka kulala mapema."

Kaka alisimama na kamba mkononi, akamtazama baba, akanitazama mimi. Kisha akamwita dereva wake upande wa pili, wakaanza kufungua.